Joseph Olita: Mkenya aliyefungwa ndani ya sura ya Idi Amin

Ukitoka Kericho kuelekea Bomet, chai imetanda pande zote mbili za barabara, huwezi kudhani Idi Amin aliwahi kulimezea mate eneo hili. Lakini ndivyo. Februari 1976 alidai kuwa magharibi mwa Kenya, hadi kama kilomita 32 kutoka Nairobi, ilikuwa mali ya Uganda. Hakuitoa hewani: hadi 1902 eneo hili lilikuwa ndani ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda ya Mwingereza. Mzee Kenyatta akamjibu kuwa hata inchi moja haitoki.

Miaka mitano baadaye, Mkenya akamvaa Amin mwenyewe, kofia, medali na kila kitu.

Jamaa aliitwa Joseph Olita. Mwaka 1981 Sharad Patel alitoa filamu ya Rise and Fall of Idi Amin, iliyopigwa hapa Kenya dikteta akiwa bado hajamaliza miaka mitatu uhamishoni. Ni sinema ya kuuza damu: vichwa vya watu ndani ya friji, Amin akionja nyama ya binadamu. Uvumi wa mtaani uligeuzwa tiketi. Kusema kweli, filamu yenyewe ni ya rafu. Olita siyo. Anacheka, anakubembeleza, kisha macho yanabadilika na unajua mtu atakufa. Alifanana na Amin kiasi cha kutisha, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Italia walikuwa mabingwa wa mtindo huu. Sinema zao za makauboi za miaka ya 60 zilimtwika Mhispania Fernando Sancho ujambazi wa Kimeksiko, filamu baada ya filamu, hadi ukiona tu masharubu unajua nani atapigwa risasi. Lakini Sancho angalau alipewa majambazi tofauti tofauti. Olita alipewa mtu mmoja. Mwaka 1991, Mira Nair alipotengeneza Mississippi Masala, akiwa na Denzel Washington, kuhusu familia ya Wahindi waliotimuliwa Uganda mwaka 1972, alihitaji Amin. Akaitwa nani? Olita tena, safari hii kwa muda mfupi tu.

Halafu 2006 ikaja The Last King of Scotland. Amin yule yule, lakini Forest Whitaker, Mmarekani, ndiye aliyeondoka na Oscar.

Wewe unayerekodi vichekesho vya Kikalenjin kwa simu huko Litein au Sotik, ukiwa na mwili mkubwa na sauti nzito, bila shaka unajua utapewa nini: nyapara mkali wa shambani, ama chifu mla rushwa. Chukua, lipwa. Ila ukimaliza, mwombe direkta akuandikie pia baba mpole au mchumba anayekataliwa, kabla mashabiki hawajaanza kukuita nyapara hata sokoni.

Olita alifariki Juni 2014, kwao Siaya, akiwa na miaka 70 hivi. Vichwa vya habari vilimtaja kwa jina la Amin.