Kiti Hufuata Kata

Mwanzoni mwa 2016 Boniface Jacob, diwani wa kata ya Ubungo kwa tiketi ya Chadema, alikuwa meya wa Manispaa ya Kinondoni, Dar es Salaam. Manispaa ilipogawanywa, akawa meya wa manispaa mpya ya Ubungo. Hakuhama kata wala chama. Kata yenyewe ndiyo iliyohamishwa.

Kinondoni ya zamani ilikuwa na kata 34. Zikabaki 20, nyingine 14, kuanzia Sinza, Manzese na Mabibo hadi Goba, Mbezi na Kibamba, zikaenda Ubungo. Wakapatikana mameya wawili na wakurugenzi wawili. Madiwani wa kata je? Jumlisha 20 na 14: ni walewale 34.

Hapo ndipo lilipo fumbo la ukubwa wa baraza la madiwani nchini Tanzania. Hakuna halmashauri inayokaa kikao ikaamua tu kuwa mwakani wajumbe wawe tisa. Kila kata huchagua diwani mmoja. Wabunge wa majimbo ya eneo hilo nao ni wajumbe, kisha huja viti maalumu vya wanawake, visivyopungua theluthi. Anayetaka kiti kipya sharti kwanza kata ikatwe, na ombi hilo hupanda ngazi: mtaa, Kamati ya Maendeleo ya Kata, Baraza la Madiwani, Kamati ya Ushauri ya Wilaya, kisha ya Mkoa, hadi TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa.

Sasa tupige hesabu. Sensa ya 2012 iliikuta Kinondoni nzima na watu 1,775,049, yaani wastani wa watu 52,000 kwa kila diwani wa kata. Sensa ya 2022 iliikuta Ubungo peke yake na watu 1,086,912. Gawa kwa 14: diwani mmoja anabeba zaidi ya 77,000. Jirani yake wa Kinondoni, yenye watu 982,328, anabeba kama 49,000. Kugawa manispaa kuliongeza ofisi, hakukumpunguzia diwani wa Ubungo mzigo.

Kwa nini basi kata zisikatwe tu? Kwa sababu kata mpya huja na gharama: ofisi, mtendaji, posho za vikao. Lakini huja pia na madai, maana sera za miaka ya 2000 zililenga kila kata iwe na sekondari yake na kituo chake cha afya. Ukisikia wakazi wanaomba kata yao igawanywe, usidhani wana kiu ya diwani wa pili. Wengi wanapima mwendo wa mtoto hadi shuleni. Diwani ni nyongeza.