Taa Imezimwa, Lakini Je, Umeme Umeondoka?

Yako mambo ya nyumbani ambayo watu huyafanya bila kuyafikiri mara mbili, na kubadilisha taa ya darini ni mojawapo. Holda imelegea, au mama mwenye nyumba amenunua taa mpya ya kupendeza pale Kariakoo na anataka iwake sebuleni kabla wageni hawajafika. Basi huletwa meza, juu yake hupandishwa kigoda, swichi ya ukutani huzimwa, na kazi huanza. Mwenye kuifanya huamini kwamba maadamu taa imezimika, umeme hauko tena darini. Imani hiyo si ya kweli, na imekwisha kuua watu.

Umeme unaoingia majumbani mwetu ni wa volti 230. Hutoka kwenye mita ya LUKU, ukapita swichi kuu na kisanduku cha fyuzi au sakiti breka, ndipo ukagawanyika kwenda kwenye taa na soketi. Taa huhitaji nyaya mbili: mmoja wa kuleta umeme, ambao mafundi huuita laivu, na mwingine wa kuurudisha, yaani nyutro. Swichi ya ukutani ni lango katika njia hiyo, nayo hukata waya mmoja tu kati ya hizo mbili. Fundi aliyefunzwa huiweka kwenye laivu. Fundi wa kubabaisha huenda akaiweka kwenye nyutro, na hapo hatari huingia nyumbani kimya kimya, kwa kuwa taa itawaka vizuri na kuzimika vizuri miaka nenda miaka rudi, wala hapana atakayejua kwamba hata usiku wa manane, watu wamelala na taa imezimwa, holda ile ina moto. Siku globu itakapoungua, atatumwa kijana wa nyumba kuibadilisha. (Ukiona globu ya LED inaendelea kuwaka kwa unyonge baada ya kuzimwa, hiyo yaweza kuwa dalili ya swichi iliyowekwa kwenye nyutro. Ziko sababu nyingine, lakini yafaa fundi atazame.)

Hata hivyo, usidhani kwamba kazi ikiwa imefanywa na fundi hodari basi swichi ya ukutani inatosha. Katika nyumba nyingi nyaya huunganishwa ndani ya kile kikombe cheupe cha darini ambacho mafundi hukiita silingi rozi. Laivu hutoka kwenye fyuzi, hufika katika kikombe cha chumba cha kwanza, na kutoka hapo huendelea hadi cha chumba cha pili. Kwa hiyo laivu imo ndani ya kikombe saa zote, taa iwe inawaka au isiwake. Tena, katika nyaya mbili zinazoshuka kwenda kwenye swichi, mmoja hupeleka umeme na wa pili huurejesha ili uiwashe taa. Huo wa pili aghalabu huwa mweusi kama nyutro, kumbe si nyutro. Fundi mwangalifu huuzungushia tepu nyekundu, wengi hawajisumbui. Mtu anayefungua kikombe, akazitoa nyaya zote, kisha akazifunga nyeusi pamoja na nyekundu pamoja, atapiga shoti mara atakapowasha. Basi kabla ya kulegeza skrubu hata moja, chora kwenye karatasi kila waya ulipokuwa.

Rangi nazo zisiaminiwe upesi. Nyumba zetu za zamani zilitandazwa nyaya kwa utaratibu uliotoka Uingereza: nyekundu laivu, nyeusi nyutro, kijani ethi. Uingereza yenyewe iliruhusu rangi mpya mwaka 2004 na kuziacha za zamani katika kazi mpya tangu 2006. Katika utaratibu mpya laivu ni ya kahawia, nyutro ya buluu, na ethi kijani chenye mistari ya njano. Nyumba iliyoongezwa vyumba mara mbili tatu yaweza kuwa na rangi za zama zote mbili katika dari moja, na fundi aliyeishiwa waya hakukosa kutumia alioukuta mfukoni.

Watu husema, fyuzi si ipo? Fyuzi hulinda waya usiungue na nyumba isishike moto, haimlindi mtu. Tazama hesabu yake. Fyuzi ya taa ni ya ampia 5, na sakiti breka za siku hizi ni za ampia 6. Mwili wenye ngozi iliyolowa jasho waweza kuwa na ukinzani wa ohmu kama 1,000 tu, na volti 230 zitapitisha humo ampia 0.23. Hiyo haifiki hata sehemu ya ishirini ya kiasi cha fyuzi hiyo, ambayo itatulia mahali pake kana kwamba imewashwa globu ya wati 60. Lakini moja ya kumi ya ampia, ikipita kifuani kwa sekunde chache, yatosha kuuvuruga mwendo wa moyo. Kifaa kinachomlinda mtu ni kile kinachokata njia mara umeme unapovuja kiasi cha miliampia 30. Hutambulikana kwa kitufe chake kidogo cha kujaribia. Kandambili si kinga ya kutegemea.

Hapana budi, basi, kuzima swichi kuu. Nalo hilo lina mambo yake katika nyumba zetu za vyumba sita, ambamo wapangaji hutumia mita moja. Wewe uko juu ya kigoda. Mwenzio wa chumba cha uani anaona friji imenyamaza, anatoka ukumbini na kuirudisha swichi kwa nia njema kabisa. Wajulishe wote, toa fyuzi ya taa uitie mfukoni, na umweke mtu mzima mmoja karibu na swichi. Wala usiseme kwamba umeme umekatika mtaa mzima, hivyo ndio wakati wa kufanya kazi. Umeme uliokatika hurudi bila kupiga hodi.

Kisha pima. Testa yenyewe ijaribiwe kwanza kwenye soketi yenye umeme kabla hujazima, ndipo upime kila waya wa darini, halafu uijaribu tena baada ya kurudisha umeme. Testa mbovu husema hakuna umeme popote.

Taa nzito isining'inizwe kwa waya wala kwa silingi bodi peke yake. Ifungwe kwenye mbao. Ikiwa ni ya chuma, ethi yake lazima iunganishwe, isipokuwa ile yenye alama ya mraba ndani ya mraba. Na mwenzio akinaswa, usimguse: kimbilia swichi kuu.

Kutandaza laini mpya au kuhamisha swichi si kazi ya mwenye nyumba. Tanzania Bara, EWURA ndiyo itoayo leseni za kazi hiyo, na si utovu wa adabu kumwomba fundi akuonyeshe yake. Akimaliza, mwambie azime swichi ya ukutani, aiache swichi kuu ikiwaka, na akupimie holda mbele ya macho yako kabla hujamlipa.