Sauti Anazozisikia Kijana Wenu

Steji ya Embulbul jioni, kondakta wa matatu ya 111 anaita abiria, bodaboda zinapiga honi, na spika ya mhubiri inavuma ng'ambo ya barabara. Anayekwenda Ngong hulipata jina la kwao katikati ya zogo hilo. Kinacholichambua ni ubongo kuliko sikio, na kwa watu wengi kazi ya maneno imeelemea upande wa kushoto wa ubongo.

Mwaka 1961 Doreen Kimura, mwanasaikolojia wa Kanada, aliwasikilizisha watu tarakimu mbili tofauti kwa mpigo mmoja, kila sikio na yake. Wengi walizitaja vizuri zaidi zile za sikio la kulia, kwa kuwa njia yenye nguvu kutoka sikio hilo huvuka kwenda kushoto. Kwa wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili, hasa wanaosikia sauti zisizokuwapo, ubora huo wa sikio la kulia mara nyingi hupungua. Inaelekea eneo la maneno limeshashikwa na shughuli nyingine: picha za ubongo zilizopigwa wakati sauti zinasikika zimeonyesha maeneo ya lugha na ya kusikia yakifanya kazi, ilhali hakuna aliyesema neno.

(Tofauti hizi ni za wastani wa makundi.)

Sauti hizo zatoka wapi? Kabla hujatamka neno, ubongo huliarifu eneo la kusikia kwamba sauti inayokuja ni yako, nalo hutulia. Judith Ford na wenzake nchini Marekani walipima umeme wa ubongo wakaona utulivu huo ni hafifu kwa wenye skizofrenia. Ndiyo maana wataalamu wengi huamini kwamba maneno ya moyoni humfikia mgonjwa kama ya mtu mwingine. Maelezo haya hayamalizi kila kitu, lakini yanatosha kutuzuia kumwita mwongo, kumfunga kamba au kumchapa ili pepo litoke. Amesikia kweli.

Mwambie hivi: "Mimi sizisikii, lakini naona zinakusumbua." Zima redio kwanza, kaa mbele yake, sema kwa sentensi fupi, maana kuchuja maneno katika kelele kunamchosha.

Dawa kama haloperidoli, au sindano ya flufenazini ya kila wiki chache, huwapunguzia wengi sauti. Nawasihi msiziache kwa sababu amepata nafuu. Hapo ndipo ugonjwa hurudi. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, iliyoanza mwaka 1910, iko upande wa pili wa Nairobi, kwa hiyo anzieni hospitali ya Ngong mwombe rufaa. Mkifika, ombeni na masikio yapimwe: uziwi nao huweza kumletea mtu sauti zisizokuwapo, na tiba yake ni nyingine.