Baraza la Wazee Lianzie Burma

Muuza nyama wa Soko la Burma, Nairobi, hana tarehe ya kustaafu. Hushinda amesimama kwenye saruji, akiinua paja la ng'ombe hadi kwenye ndoano na kupasua mifupa juu ya gogo, mpaka magoti yenyewe yamwambie imetosha. Katiba ya Kenya ya 2010 inamhesabu kuwa mzee afikapo miaka 60, na Kifungu cha 57 kinampa haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zake pamoja na serikali. Lakini zile shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa posho uliopanuliwa mwaka 2018, zililengwa kwa waliotimiza miaka 70. Kati ya umri wa Katiba na umri wa malipo pana miaka kumi, na katika miaka hiyo mtu wa soko hana pensheni wala posho.

Kuuliza kwa nini pengo hilo lipo, na kuuliza bila kuchoka, ndiyo ingekuwa kazi ya baraza la wazee la kuishauri serikali. Swali ni liundwe vipi. Kamati iliyozaliwa kwa tangazo la waziri huweza kuvunjwa na waziri ajaye kwa tangazo jingine. Iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ina muhula, bajeti na haki ya kuomba hesabu. Watu wenye ulemavu walipata baraza lao kupitia sheria ya 2003, vijana kupitia ya 2009. Uganda ilipitisha sheria ya Baraza la Taifa la Wazee mwaka 2013, ikapanga mabaraza kuanzia kijijini hadi taifa, na kufikia 2021 wazee wakawa na wabunge wao. Mpangilio huo wa kuanzia chini ndio ninaoutaka hapa. Na jambo moja ninaliona kubwa kuliko yote: sheria imlazimishe waziri kujibu kila ushauri kwa maandishi, ndani ya muda uliowekwa, akieleza alichokubali na alichokataa. Pasipo jibu, washauri watakunywa chai na kuandika ripoti za kabatini.

Wapo watakaosema viongozi wetu wengi ni wazee tayari. Ni kweli, ila mbunge wa miaka 65 ana mshahara na bima ya matibabu. Kwa umri analingana na muuza nyama, kwa maisha halingani naye. Wengine watasema mitaa ya jirani ya Shauri Moyo na Kaloleni ina wazee wa mtaa. Hao humsaidia chifu kuufikia mtaa, na ni kazi ya maana, lakini anayebeba ujumbe wa serikali hawezi wakati huohuo kuwa mkosoaji wake. Hoja ya gharama ndiyo nzito, maana Mkenya amechoshwa na tume zinazokula posho. Kwa hiyo wajumbe wachaguliwe na wazee wenzao wa soko na mtaa, walipwe nauli na chakula tu, wakutane katika ofisi za wadi zilizopo. Mazungumzo yawe kwa Kiswahili, na kikao kiitwe alasiri, kwa sababu mwenye kibanda hawezi kuacha wateja wa asubuhi ili aende kutoa maoni.