Kabla Hujaipulizia Rangi Kadi ya Grafiki

Kijana mmoja aliniletea kadi ya grafiki aliyoipaka rangi nyeupe. Kasha la kompyuta yake ni jeupe, feni nyeupe, hata nyaya nyeupe. Kadi aliyoimudu bei ndiyo ilikuwa nyeusi, kwa sababu toleo jeupe la kadi hiyohiyo liliuzwa ghali zaidi. Akanunua kopo la spirei, akaziba tundu za waya kwa vipande vya gazeti, akapuliza kadi ikiwa nzima vilevile. Kompyuta iliwaka bila shida. Shida ilianza alipofungua mchezo: baada ya dakika chache picha zinakwamakwama na feni zinanguruma. Nilipomulika tochi katikati ya mapezi ya alumini nikaona rangi imeganda kama utando wa buibui. Kwenye panga moja la feni palikuwa na tone lililokauka, dogo kama punje ya mtama, nalo peke yake lilitosha kuitetemesha feni nzima.

Hakuniuliza habari za joto. Aliuliza, "Fundi, waranti yangu imekufa?"

Ili kumjibu ilibidi kwanza nimwonyeshe kadi ilivyoundwa. Juu kabisa kuna kava la plastiki linaloshika feni. Chini yake kuna mapezi ya alumini yaliyopitishiwa mirija ya shaba. Chini ya mapezi ipo bodi yenye chipu, na mgongoni kuna bamba, mara nyingi la alumini. Joto hutoka kwenye chipu, hupita kwenye krimu nyembamba ya kupitisha joto, huingia kwenye shaba, hupanda kwenye mapezi, kisha huchukuliwa na upepo. Kava halimo katika safari hiyo, kwani kazi yake ni kuelekeza upepo tu. Ukilipaka rangi upande wa nje, chipu haitajua lolote.

Wengi hudhani rangi yoyote ni blanketi. Ni kweli kwamba rangi iliyokauka hupitisha joto vibaya, takriban mara elfu moja chini ya alumini. Lakini juu ya pezi kizuizi kikubwa ni hewa yenyewe, kwa hiyo utando mwembamba wa rangi huongeza kidogo sana. Kinachoumiza ni kuziba nafasi kati ya pezi na pezi, ambayo aghalabu ni milimita moja au mbili.

Mambo hubadilika kabisa pale chipu inapogusana na shaba. Chukua chipu yenye eneo la milimita za mraba 600 inayotoa wati 300. Ukiacha rangi yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita kati yake na shaba, itahitajika tofauti ya nyuzi 250 hivi ili joto lote hilo livuke. Kadi haiwezi kufika huko. Itajipunguza kasi, kisha itajizima.

Sasa waranti. Katika kadi nyingi, skrubu za kava zimejificha ndani, na huwezi kulitoa mpaka uing'oe mitambo yote ya kupoza. Maana yake unafungua skrubu nne zenye springi zinazoizunguka chipu, na mara nyingi mojawapo imebandikwa kistika kinachochanika ukiigusa. Ukishang'oa, krimu inakuwa imeharibika, na zile pedi laini zinazofunika chipu za kumbukumbu huchanika. Ukizibadilisha kwa pedi nene kupita zile za awali, shaba haitakaa sawasawa juu ya chipu kubwa. Zikiwa nyembamba, kumbukumbu ndizo zitakazoungua. Kwa hiyo mtengenezaji anapokagua kadi iliyorudishwa, kinachomtia wasiwasi zaidi ya weupe wa kava ni dalili kwamba kuna mtu alifika kwenye chipu.

Nchini Marekani, sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 haimruhusu mtengenezaji kufuta waranti kwa sababu tu mteja alifungua kifaa au alitumia fundi mwingine. Mwezi Julai 2024 FTC, tume ya serikali ya huko inayolinda walaji, iliziandikia kampuni za ASRock, Gigabyte na Zotac barua za onyo kuhusu stika zinazosema waranti inakufa zikibanduliwa. Hata hivyo, sheria hiyo haimlindi mtu ambaye rangi yake ndiyo iliyoziba mapezi. Kampuni ikionyesha kwamba uharibifu ulitokana na kazi ya mteja, ina haki ya kukataa.

Huku kwetu hali ni tofauti. Kadi nyingi zinazouzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi hupitia Dubai, na waranti unayopewa aghalabu ni ya duka, imeandikwa kwa kalamu nyuma ya risiti. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 46, inampa mlaji haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa, nami naamini haki hiyo inafaa kudaiwa kwa sauti. Ila ukimrudishia muuzaji kadi iliyopakwa rangi, utaanza mazungumzo ukiwa umekalia kiti kibovu. Muulize kabla ya kugusa chochote, na umwombe ajibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa WhatsApp. Stika yenye namba ya kadi usiifunike wala usiibandue, kwa sababu bila namba hiyo hakuna anayeweza kuthibitisha kadi ni ipi.

Ushauri wangu kwa mwenye waranti hai ni stika za vinaili, zilezile wanazobandikia matatu na bodaboda. Mafundi wake wana mkono mzuri, nao hukata kufuata kona. Zinabandikwa kadi ikiwa haijafunguliwa, na siku ya kuirudisha unazipasha kwa mashine ya kukaushia nywele zikatoka bila kuacha alama. Zisizibe matundu ya upepo, basi.

Ukishikilia rangi, subiri waranti iishe, kisha litenge kava kabisa na utoe feni. Lioshe kwa sabuni ya vyombo, lisugue kwa msasa laini, weka anda koti ya plastiki, halafu puliza tabaka jembamba mara tatu ukingoja kila moja ikauke. Thina ya rangi za magari hula plastiki, iweke mbali. Mapanga ya feni yaache yalivyo. Bamba la mgongoni lipake upande wa nje tu. Kwenye kadi ya RTX 3090, kwa mfano, kuna chipu 12 za kumbukumbu upande wa nyuma wa bodi, na bamba hilo huzisaidia kupoa. Kama ndani yake kuna karatasi ya plastiki, ndiyo inayozuia shoti, iache. Rangi za fedha mimi sizitaki kabisa karibu na bodi, kwa kuwa nyingi zina chembe za alumini.

Kijana wangu alikuwa amebakiza miezi miwili ya waranti ya duka, na stika ya skrubu ilikuwa nzima. Nilimweleza kwamba mapezi yale hayasafishiki bila kuyang'oa. Alinyamaza kidogo akiiangalia kadi, kisha akaniambia, "Fungua tu, fundi." Nikaweka bisibisi kwenye skrubu ya kwanza, na ile stika ikachanika mbele yetu sote wawili.