Kukokotoa Mwendo wa Maji kwa Kete za Bao

Utangulizi

Mtoto wa Unguja huujua mwendo wa maji kabla hajajua kusoma. Anajua bamvua na maji mafu. Anajua kwamba chombo kinachopanda kaskazini wakati wa Kusi hakisafiri kama kinavyosafiri wakati wa Kaskazi. Lakini mtoto huyo huyo, akiulizwa darasani maana ya kanieneo au mkondo, hujibu kwa sentensi aliyoikariri, kana kwamba maji ya kitabuni si maji ya Forodhani. Tumeliona jambo hili mara nyingi tulipokuwa tukiwakagua wanafunzi wetu wa ualimu katika mazoezi ya kufundisha. Lawama si yao peke yao. Sisi tuliowafunza tunayo sehemu yetu.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha namna mwalimu asiye na kompyuta hata moja anavyoweza kufundisha msingi wa elimu kubwa ya siku hizi, yaani ukokotozi wa mwendo wa giligili. Atahitaji bao moja na wanafunzi wanane.

Elimu yenyewe

Giligili ni kila kinachoweza kutiririka, kikiwa kimiminika kama maji au gesi kama hewa. Milinganyo inayoeleza mwendo wake imejulikana tangu zamani: Mfaransa Navier aliieleza mwaka 1822, na Stokes wa Uingereza akaifafanua mwaka 1845. Shida ni kuifumbua, kwani njia ya moja kwa moja hupatikana kwa hali chache nyepesi tu. Kwa hiyo wataalamu huigawa bahari, au hewa, katika vyumba vidogo vidogo mfano wa matundu ya wavu. Kila chumba hupewa tarakimu zake za kasi na kanieneo, kisha hukokotolewa upya hatua kwa hatua kwa kuangalia vyumba jirani.

Mwingereza Lewis Fry Richardson aliijaribu njia hii kwa mkono wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Alitumia muda wa wiki sita hivi kukokotoa hali ya hewa ya saa sita tu. Jibu lake lilisema kanieneo ya hewa ingebadilika kwa milibari 145, ilhali kwa kweli karibu haikubadilika. Hata hivyo hakuyaficha makosa yake. Aliyachapisha kitabuni mwaka 1922, na humo akawaza ukumbi mkubwa wenye watu 64,000, kila mmoja akikokotoa sehemu yake ya dunia na kumpa jirani yake jibu. Mwaka 1950 kompyuta iitwayo ENIAC, huko Marekani, ilikokotoa hali ya hewa ya saa 24 kwa muda wa saa 24 hivi. Tangu hapo kazi ya ukumbi ule imekuwa ya mashine.

Matumizi yake

Mwalimu asianze na ndege, bali aanze na taa iliyo juu ya vichwa vya wanafunzi. Umeme wa Unguja huvuka bahari kutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya maji baina ya Ras Kiromoni na Ras Fumba. Huko Bara, katika Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, imo mitambo tisa, kila mmoja wa megawati 235, inayozungushwa na maji. Mapanga ya mitambo ya namna hiyo siku hizi huchorwa kwa msaada wa ukokotozi huu. Fundi hutafuta mahali ambapo kanieneo itashuka mno, kwa sababu hapo maji hutoa viputo, na viputo vinapopasuka hula chuma. Ni nafuu kukosea katika tarakimu kuliko kukosea katika chuma.

Matumizi mengine yako karibu zaidi. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa hapa Unguja mwaka 1978, na mtaalamu wake alishirikiana na wenzake wa ng'ambo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ambao ulikokotoa mwendo wa maji katika mlango wa bahari baina ya Unguja na Bara. Faida ya kazi kama hiyo ni dhahiri. Kwa miaka mingi mabomba ya maji machafu ya Mji Mkongwe yamekuwa yakimwaga baharini, si mbali na wanakooga watoto. Uchafu huo huenda wapi? Swali hili ndilo somo letu.

Hatua za somo

Bao kamili la Kiswahili lina kete 64, na kila safu ina mashimo manane. Basi wanafunzi wanane wakae safu moja, kila mmoja akiwa ni sehemu ya bahari yenye urefu wa mita 90. Wa kwanza, aliyepo penye bomba, apewe kete zote 64, nazo ndizo uchafu. Tuchukulie kwamba mkondo unakwenda mita 45 kwa kila dakika tatu. Mwalimu akipiga kofi, dakika tatu zimepita, na kila mwanafunzi humpa jirani wa kulia nusu ya kete alizokuwa nazo. Wote watoe kwa pamoja, na asitoe mtu alichopokea sasa hivi.

Kabla ya kofi la kwanza, kila mmoja aandike anachokisia. Hatua hii isirukwe, maana asiyekisia hana la kushangaa.

Baada ya kofi la kwanza zitakuwa 32 na 32. La pili, 16, 32, 16. La tatu, 8, 24, 24, 8. Baada ya kofi la sita zitakuwa 1, 6, 15, 20, 15, 6, 1. Kila mara zihesabiwe, na jumla iwe 64 daima, kwani maji hayali kete. Hiyo ndiyo kanuni ya kutopotea kwa mata, na mtoto ameishika mkononi.

Makosa mawili yenye faida

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Mwalimu aulize: kwa dakika 18 mkondo umekwenda mita 270, yaani sehemu tatu. Kama mkondo peke yake ndio uliokuwa ukiuchukua uchafu, si ungepaswa kuwa wote kwa mwanafunzi wa nne? Mbona yeye anazo kete 20 tu? Ni nani aliyeutawanya?

Jibu ni kwamba hesabu yetu ndiyo iliyoutawanya. Tulipomwambia kila mtu atoe nusu, tulijifanya kwamba uchafu uingiapo katika sehemu huenea humo mote papo hapo. Bahari nayo hutawanya, lakini kwa kadiri yake, si kwa kadiri ya ukubwa wa vyumba vyetu. Tukivifanya vyumba kuwa vidogo zaidi, pamoja na muda wa kila kofi, udanganyifu huu hupungua.

Kosa la pili hupatikana kwa pupa. Kofi moja liwe dakika 12. Sasa maji yanavuka sehemu mbili, lakini mwanafunzi bado anampa jirani mmoja tu. Kanuni inamtaka wa kwanza atoe kete 128, naye anazo 64, basi abaki na deni la 64! Darasa litacheka, kwani uchafu chini ya sifuri haupo duniani. Courant, Friedrichs na Lewy walilieleza sharti la jambo hili mwaka 1928: katika hesabu ya namna hii, hatua moja ya muda isiyapitishe maji zaidi ya chumba kimoja.

Kwenda pwani

Somo lisiishie darasani. Wakati maji yanapokwenda, wanafunzi wasimame ukutani Forodhani pamoja na mwalimu, na chungwa litupwe majini. Chungwa huelea likiwa limezama sehemu kubwa, hivyo upepo haulisukumi sana. Likienda mita 20 kwa sekunde 80, kasi ni mita 0.25 kwa sekunde, ambayo ndiyo ile tuliyoichukulia. Likienda vingine, hesabu ndiyo irekebishwe. Wavuvi waliopo nao waulizwe, kwani wao wameupima mkondo huu kwa nyavu zao.

Hitimisho

Huenda siku moja mwanafunzi wetu akaketi katika kikao cha mtaa wake, akaonyeshwa picha ya kompyuta yenye rangi nzuri, isemayo kwamba uchafu utakapofika pwani utakuwa umekwisha kupungua. Hatuwezi kumfunza milinganyo yote ya Navier na Stokes. Lakini tukimfunza kuuliza kama uchafu huo umepunguzwa na bahari au umepunguzwa na hesabu, tutakuwa tumemfunza kitu kitakachomlinda yeye na watoto wake.