Bodaboda nayo ivae vilinda ugoko

Siku ya Simba na Yanga, ukishuka Kwa Mkapa unakuta bodaboda zimebanana, bendera zimefungwa kwenye usukani. Moja ikisukumwa inaangukia nyingine. Mara nyingi kinachovunjika ni mkono wa klachi, na hapo hesabu ya bosi ndiyo imeshaota mbawa.

Mchezaji haingii uwanjani bila vilinda ugoko, Sheria ya 4 imesema. Pikipiki nayo ina vyake: vile vizibo vya ncha za usukani. Ikilala, ndivyo vinavyotangulia kugusa lami. Kwenye MotoGP kinga ya mkono wa breki ni lazima kabisa, pikipiki ya mpinzani isije ikauminya kwenye kona. Kijiweni kila mtu anajiamulia.

Tatizo, wengi wananunua kwa kuangalia rangi ya klabu. Nailoni ngumu haing'ai, ila inateleza na kulika taratibu. Chuma kizito kinapunguza mtetemo unaotia vidole ganzi, kinamfaa anayekwenda mbali. Wa mjini, nailoni inamtosha.

Pima kwanza tundu la bomba. Kwa nje usukani wa pikipiki nyingi una milimita 22, kwa ndani zinatofautiana. Upande wa kulia acha mwanya kidogo, kisha zungusha mkono wa mafuta na uuachie. Lazima urudi wenyewe. Ukigoma, fungua uanze upya kabla hujapakia shabiki yeyote.